Umenunua injini ya boti? Chunguza tundu la jeti kwanza

JE, msomaji, umewahi kusikia kisa cha injini ya boti iliyokuwa ikinguruma vyema kule Mombasa, lakini ilipofikishwa Naivasha ikaanza kukohoa, kutoa moshi na kukataa kubeba watu? Au ile iliyotoka Naivasha ikiwa nzima kama kigongo, ikapelekwa Lamu, na kabla ya mwezi kwisha pistoni ikatoboka?

Visa kama hivyo ni vingi, na kila mara hakosekani mtu wa kulaumiwa. Mwenye injini humlaumu aliyemuuzia. Aliyeuza humlaumu nahodha. Nahodha humlaumu fundi, na fundi, akiishiwa na maneno, huilaumu petroli. Wapo hata wanaosema ni kijicho cha majirani. Kumbe mara nyingi chanzo ni kijipande cha shaba kisichozidi ukucha wa kidole cha mwisho, chenye tundu jembamba katikati, ambacho mafundi hukiita jeti.

Huenda unajiambia kwamba mambo haya hayakuhusu kwa vile wewe unaishi Buruburu au Kangemi na boti unaiona kwenye picha tu. Hebu ngoja kidogo. Ni nani hupigiwa simu na wazee walioko Mbita, Usenge au Kizingitini wakitaka injini? Ni wewe wa mjini. Baba amepata kiinua mgongo chake, au shangazi na chama chake wamechanga pesa, na wewe ndiwe unayetumwa ukatafute injini iliyotumika, kwa sababu mpya haishikiki. Na wewe mwanafunzi ambaye karo yako hutokana na samaki, injini hiyo ikizimika ziwani wewe ndiye wa kwanza kurudishwa nyumbani. Isitoshe, injini hiyo hubeba watu. Ikikwama katikati ya Ziwa Victoria usiku upepo unapoanza kuvuma, hapo si suala la pesa tena.

Injini tunazozungumzia hapa ni zile kuukuu za mipigo miwili, yaani zile ambazo oili huchanganywa na petroli. Katika maziwa yetu na huko Pwani, nyingi ni Yamaha aina ya Enduro, za nguvu farasi 15, 25 na 40. Marekani, sheria ya mwaka 1996 kuhusu moshi wa injini za boti ilianza kutekelezwa hatua kwa hatua kuanzia 1998 hadi 2006, na injini za kabureta za aina hii zikapungua sana huko. Kwetu bado zinapendwa, kwani ni nyepesi kubeba na fundi yeyote mwenye spana chache anaweza kuzifungua.

Utakutana pia na Johnson na Evinrude za zamani. Hizo ni injini ngumu, lakini kampuni iliyozitengeneza, OMC, ilifilisika Desemba 2000, na hata jina la Evinrude lililonunuliwa na wengine lilisimamishwa mwaka 2020. Spea zake ni za kuwinda. Kwa maoni yangu, usiinunue ya aina hiyo kabla ya kujua jeti zake utazipata wapi.

Kabureta haina macho

Kabureta hufanya kazi kama koo. Injini inapovuta hewa, hewa hiyo hupita kwa kasi mahali palipobanwa, na kasi hiyo hunyonya petroli kutoka kwenye kikombe kilicho chini yake. Petroli haina njia nyingine ila kupitia tundu la jeti. Tundu likiwa kubwa, injini hulishwa petroli nyingi. Likiwa dogo, hulishwa kidogo. Basi, ni hayo tu. Kabureta haina macho wala mizani. Haijui kama leo iko Likoni au Naivasha.

Lakini hewa inajua. Kadiri unavyopanda juu kutoka usawa wa bahari, ndivyo hewa inavyozidi kuwa hafifu. Ziwa Victoria liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hapo hewa iliyomo ndani ya debe moja ni pungufu kwa karibu moja kwa kumi ikilinganishwa na debe hilo hilo kule Mombasa. Naivasha iko takriban mita 1,880 juu, na huko upungufu unafikia karibu moja kwa sita. Ziwa Turkana, ingawa liko mbali kabisa na bahari, liko chini: kiasi cha mita 360 tu. Kwa hivyo injini iliyopimwa Pwani haitasumbuka sana Turkana, na ile ya Naivasha itasumbuka. Wengi hudhani ni umbali kutoka baharini ndio wenye maana, lakini la hasha, ni mwinuko.

Sasa chukua injini iliyowekewa jeti ya usawa wa bahari uipeleke Naivasha. Petroli inaingia karibu kama kawaida, lakini hewa ya kuichoma haitoshi. Injini imevimbiwa. Utaiona ikitoa moshi mzito, plagi zikiwa nyeusi na zenye unyevu, petroli ikiisha upesi, na mwendo ukiwa wa kujikokota. Ni hasara, ni kero, lakini injini yenyewe haifi mara moja.

Hatari kubwa iko upande wa pili. Injini iliyowekewa jeti ndogo ya Naivasha ikishushwa hadi Lamu, hewa inakuwa tele na petroli haba. Injini ina njaa. Mwanzoni utaifurahia, kwa sababu hunguruma kwa ukali na haitoi moshi, na nahodha atakusifu kwamba umeleta mashine kali. Kumbe ndani ya silinda joto linapanda. Petroli inapoingia hupoza pistoni, na katika injini hizi za mipigo miwili petroli hiyo hiyo ndiyo hubeba oili. Ukipunguza petroli, umepunguza upozaji na ulainishaji kwa mpigo mmoja. Boti ikijazwa abiria na mizigo, mkono wa mafuta ukishikiliwa hadi mwisho kuelekea Faza, pistoni huanza kuyeyuka katikati au kung'ang'ana na silinda. Hapo hutengenezi kwa jeti tena, unatafuta pistoni, ringi na pengine silinda nzima.

Hiyo ndiyo sababu mafundi wazoefu wana sheria moja ambayo hawaivunji: ukiwa katikati ya jeti mbili, chagua yenye tundu kubwa zaidi. Heri moshi kuliko pistoni.

Hesabu kidogo kwa walio darasani

Wanafunzi watapenda sehemu hii. Kwenye jeti nyingi pamechongwa nambari. Kwa baadhi ya watengenezaji, nambari hiyo ni upana wa tundu kwa sehemu za mia za milimita, kwa mfano 150 ni milimita 1.50. Wengine huonyesha kiasi cha mafuta kinachopita kwa dakika, na katika injini nyingi za zamani za Kimarekani nambari huwa ni sehemu za elfu za inchi. Kwa hivyo 150 ya kampuni hii si 150 ya kampuni ile, na muuza duka akikuambia "zote ni sawa, mradi zinaingia", mshukuru uondoke.

Tuseme injini yako hutumia jeti ya milimita 1.50 kwenye usawa wa bahari. Huu ni mfano tu, si kipimo cha injini ya mtu fulani. Hewa hafifu hunyonya petroli kwa nguvu ndogo pia, kwa hivyo ziada ya petroli huwa karibu nusu ya upungufu wa hewa: asilimia 5 au 6 kule Kisumu, na 9 au 10 kule Naivasha. Hicho ndicho kiasi unachotaka kupunguza.

Hapa ndipo watu hujikwaa. Petroli hupita kwenye eneo lote la tundu, na eneo la duara hufuata kipenyo kilichozidishwa kwa chenyewe. Ukitoka 150 hadi 145 unaona umepunguza sehemu 3 kwa 100, lakini petroli imepungua kwa karibu 7 kwa 100. Ukienda hadi 140, imepungua kwa karibu 13 kwa 100. Hatua ndogo kwenye nambari ni hatua ndefu ndani ya silinda.

Basi kwa mfano wetu, 145 ingefaa Naivasha, na 140 ingekuwa imepitiliza. Kisumu, 145 nayo imepita kidogo. Ukiipata 148 ni vyema, na ukiikosa, baki na 150 uvumilie moshi. Na yule aliyeweka 140 Naivasha kisha akauza injini Lamu bila kusema neno, amempa mwenziwe injini inayonyimwa sehemu 13 kati ya kila 100 za petroli inayohitaji. Kama una kitabu cha mtengenezaji wa injini yako, na ndani mna jedwali la jeti kulingana na mwinuko, achana na hesabu zangu ufuate kitabu.

Yapo pia mambo ya joto. Hewa ya saa nane mchana ni hafifu kuliko ya alfajiri. Wavuvi wengi huondoka au hurudi alfajiri, wakati hewa ni nzito na injini inataka petroli zaidi. Jeti iliyochaguliwa kwenye jua la mchana inaweza kuwa ndogo mno saa kumi na moja asubuhi. Ukitaka kuijaribu, ijaribu asubuhi mapema.

Pipa la Nairobi

Sasa turudi kwako uliyetumwa. Umefika kwa muuzaji, injini imefungwa kwenye pipa la maji, fundi anavuta kamba, inawaka kwa mvuto wa pili. Inanguruma, maji yanatoka kwa nyuma, kila mtu anatabasamu. Unatoa pesa.

Jaribio hilo lina faida zake: utajua kama inawaka, kama pampu ya maji inafanya kazi, kama kuna kitu kinagonga ndani. Lakini kuhusu jeti kuu halikwambii chochote. Injini inapozunguka polepole hulishwa kupitia tundu jingine, jembamba zaidi, lenye skrubu yake ya kurekebisha. Jeti kuu huanza kazi yake hasa mkono wa mafuta unapofunguliwa sana na injini ikiwa na mzigo wa kusukuma. Ndani ya pipa hakuna mzigo wa maana.

Aidha, Nairobi yenyewe iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700. Fundi mwenye bidii akiona injini inatoa moshi hapo, atapunguza jeti ili mteja afurahi. Ni sawa kabisa kama inaenda Naivasha. Ikiwa inaenda Lamu au Kilifi, ameitayarishia kaburi lake. Kwa hivyo kabla ya kuuliza bei, uliza swali hili: injini hii ilikuwa ikitumika wapi, na ina jeti nambari ngapi? Ikiwa hajui, omba kikombe cha kabureta kifunguliwe usome mwenyewe. Kazi hiyo si kubwa kwa fundi mwenye bisibisi inayofaa. Ikiwa injini ina kabureta zaidi ya moja, soma kila moja, wala usishtuke nambari zikitofautiana. Kuna injini ambazo mtengenezaji mwenyewe aliziwekea jeti tofauti kwa makusudi, na anayezilinganisha ili "zikae vizuri" anaziharibu.

Ukiisha kuisoma nambari, usiiamini moja kwa moja. Mafundi wengi husafisha jeti kwa kuchokoa na waya wa chuma, na shaba ni laini. Waya ukipita mara kumi, tundu si lile tena. Wengine hutoboa kwa keekee wakikosa saizi, au huziba kwa risasi kisha wakatoboa upya. Inaweza kuandikwa 140 na tundu likawa kubwa kuliko la 150. Shika hiyo jeti pamoja na mpya yenye nambari ile ile, uzielekeze kwenye mwanga, uzilinganishe. Jeti iliyochezewa ni ya kutupa. Bei yake ni ndogo mno ukiilinganisha na ya pistoni. Jeti chafu hulowekwa kwenye petroli safi na kupulizwa kwa pampu ya hewa, basi.

Kuna jambo jingine ambalo naona halitiliwi maanani. Injini kuukuu mara nyingi huonyesha dalili za njaa ilhali jeti haina kosa. Huenda sili za ekseli kuu zimechakaa na zinaingiza hewa, au utando wa pampu ya petroli umepasuka, au gasketi ya kabureta imekauka, au paipu kutoka kwenye tangi imeziba. Anayeweka jeti kubwa ili kuficha hayo anapaka rangi juu ya ufa, na wahenga walishatuambia kinachofuata usipoziba ufa. Mwambie fundi apime mgandamizo wa kila silinda na akague hayo yote kwanza. Jeti ije mwisho.

Plagi husema kweli

Mkishaamua jeti, jaribuni majini, na si peke yenu mbali na ufuo. Vaeni jaketi za kuokolea maisha, na nahodha ajifunge kamba ya kuzimia injini. Pakieni mzigo wa kawaida wa kazi. Anzeni na jeti kubwa, kamwe si ndogo. Endesheni kwa kasi ya mwisho kwa dakika chache, kisha mzime injini papo hapo bila kupunguza mwendo taratibu, kwa sababu ukiiacha izunguke polepole, plagi hubadilika rangi na hukwambia habari za mwendo huo wa polepole. Fungueni plagi zote.

Zikiwa na rangi ya kahawia kama mdalasini, mko sawa. Nyeusi na zenye utelezi, injini imevimbiwa. Shukeni hatua moja, moja tu, mjaribu tena. Nyeupe kama majivu, au zenye vitone vidogo vya madini vinavyong'aa, simamisheni kazi siku hiyo. Petroli isiyo na risasi haiachi rangi nyingi kama ya zamani, kwa hivyo tumieni plagi mpya na msihukumu kwa jaribio moja.

Pia, jeti hairudishi hewa iliyokosekana. Hata ukiipatia Naivasha jeti yake halisi, injini ya nguvu farasi 25 haitatoa nguvu ya Mombasa. Ikiwa plagi ni safi na boti bado inajikokota, tatizo liko kwenye propela, ile ambayo watu wa Pwani huiita rafadha. Injini nyingi za aina hii hutakiwa kufikia mizunguko kati ya 4,500 na 5,500 kwa dakika mkono wa mafuta ukiwa mwisho. Ikishindwa kufika, tafuta propela yenye mkunjo mdogo zaidi. Kuna watu walionunua jeti za kila nambari mpaka dukani wakajulikana kwa jina, na kumbe dawa ilikuwa nje, majini.

Kuhusu oili, watu huchanganya mambo. Nahodha mwenye huruma huongeza oili "ili injini isife". Lakini oili inachukua nafasi ya petroli. Ukitoka kipimo cha petroli 50 kwa oili 1 ukaenda 25 kwa 1, petroli inayopita kwenye tundu lile lile imepungua, na mchanganyiko mzito hupita polepole zaidi. Umeongeza njaa ukidhani unalisha. Fuata kipimo cha mtengenezaji, na jeti ichaguliwe kwa kipimo hicho hicho.

Petroli iliyotiwa mafuta taa nayo huifanya injini igonge na kupata joto hata jeti ikiwa sahihi. Uchakachuaji huo ulikithiri hivi kwamba Septemba 2018 serikali iliongeza ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa ili kuwavunja moyo wachanganyaji. Zipo injini zilizoundwa kutumia mafuta taa, ambazo huwashwa kwa petroli kwanza, na hizo zina jeti zake. Ukikuta kabureta yake inauzwa rahisi, usiifunge kwenye injini yako ya petroli.

Mwisho, jeti uliyoitoa usiitupe kama ni nzima. Iweke kwenye kichupa pamoja na karatasi yenye nambari yake, na ndani ya kifuniko cha injini andika kwa rangi isiyofutika: jeti iliyomo, mahali ilipopimwa na mwaka. Siku utakapoiuza, mpe mnunuzi kichupa hicho pamoja na ufunguo wa tangi, na umuulize anaipeleka wapi.